Muziki Haupimi Presha

Mama mjamzito unayesoma haya ukiwa Busia, Malaba, Tororo, Masafu, Nambale au Nagongera, na yeyote anayekaa na mjamzito nyumba moja: kichwa kinachouma sana baada ya mimba kuingia mwezi wa tano si cha kutulizwa kwa wimbo. Ni cha kupelekwa kwenye mashine ya presha leo hii, kabla ya kulala. Kikiandamana na macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, au maumivu makali chini ya mbavu za kulia, usisubiri kupambazuke.

Naanza na hilo kwa sababu kuna jambo jema linalogeuzwa kuwa hatari mbele ya macho yetu, na bado tunao muda wa kulizuia. Muziki humtuliza mjamzito. Hilo ni kweli na nitalieleza. Lakini fungua simu, tafuta muziki wa wajawazito, kisha usome ahadi zinazoandamana nao. Utakuta video za saa nane mfululizo zenye namba za masafa ya sauti, 432 au 528, zikiahidi mtoto mwenye akili nyingi, presha kushuka, mtoto aliyetanguliza matako kugeuka, uchungu kuwa mwepesi. Utakuta spika ndogo zinazouzwa ili zibandikwe tumboni. Ushauri wa namna hiyo hauulizwi chochote mpakani. Unaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya kina mama, unamfikia binti wa miaka kumi na tisa aliyepanga chumba karibu na maegesho ya malori Malaba, ambaye mume wake yuko njiani kuelekea Juba au Kigali, na saa tano usiku hana wa kumwuliza. Kilicho karibu naye ni simu, na simu inamwambia atulie.

Sitaki mtu atoke hapa akidhani nawakataza kina mama kusikiliza muziki. Mwaka 2008 watafiti wa Taiwan walichapisha matokeo ya wajawazito 236 waliogawanywa makundi mawili. Waliosikiliza muziki wa taratibu kwa wiki mbili walipungukiwa na msongo, wasiwasi na huzuni kuliko wenzao. Uingereza, mwaka 2018, kulitolewa taarifa ya kina mama 134 waliokuwa na huzuni baada ya kujifungua, waliofuatiliwa kwa wiki 10. Wale wenye hali nzito zaidi walioimba kwa kikundi pamoja na watoto wao walipata nafuu mapema kuliko waliopewa huduma ya kawaida tu.

Mfano unaonigusa zaidi uko Gambia. Huko kuna vikundi vya wanawake viitwavyo Kanyeleng. Ni wanawake waliohangaika kupata watoto au waliozika watoto, na jamii imewapa nafasi ya kuimba, kucheza na kusema hadharani yale ambayo wengine huona haya kuyatamka. Watafiti wa Gambia na Uingereza walikaa nao, wakaandaa pamoja vipindi vya kuimba kwa ajili ya wajawazito, mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Wanawake 124 kutoka kliniki nne walishiriki. Baadhi waliimba, wengine waliendelea na huduma ya kila siku, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba walioimba walipungukiwa na dalili za msongo na huzuni. Ulikuwa utafiti mdogo wa kujaribu kama jambo lenyewe linawezekana, na waandishi wake walisema hivyo wazi. Lakini tazameni wanawake hao walitoka wapi. Walitoka kliniki. Kila aliyeimba alikuwa tayari ana mkunga anayemjua, kadi yenye jina lake na tarehe ya kurudi. Wimbo uliongezwa juu ya huduma na haukuchukua nafasi yake.

Sisi hatuna haja ya kuagiza jambo hilo kutoka mbali. Wateso, ambao mpaka uliwakata katikati, wana ala za akogo na adeudeu. Waadhola wa Tororo wana ngoma zao, Wasamia na Wakhayo wana nyimbo za kupokea mapacha ambazo hata mzee wa miaka themanini akizisikia huinuka. Hakuna chama cha akina mama pande hizi kinachofungua kikao bila wimbo, wala kanisa lisilo na kwaya inayofanya mazoezi Jumamosi. Mjamzito anayekaa katikati ya wanawake wenzake wakaimba, akacheka, akalia kidogo, akarudi nyumbani mwepesi, amepata kitu cha maana ambacho hakuna duka la dawa linaloweza kumuuzia.

Hatari inaanza pale kila kinachomsumbua mjamzito kinapoitwa mawazo. Kichwa kinamuuma? Ana mawazo. Hana usingizi, moyo unadunda, hana hamu ya kula, amechoka asubuhi kabla hajashika jembe? Mawazo tu, mwekee nyimbo apumzike. Na kweli hizo ni dalili za msongo. Ni dalili pia za presha ya mimba, za upungufu wa damu na za malaria, na hakuna mtu duniani, awe mkunga wa miaka thelathini au nyanya aliyezalisha kijiji kizima, anayeweza kuzitofautisha kwa kumtazama mama usoni.

Kifafa cha mimba hakianzi na degedege. Huanza kimya baada ya wiki ya 20, presha ikifika 140 kwa 90 au kuzidi hapo, mara nyingi protini ikivuja kwenye mkojo. Mzizi wake uko kwenye kondo la nyuma ambalo halikujishika vizuri, na sumu ya shida hiyo husambaa kwenye mishipa ya damu mpaka figo, ini na ubongo. Mama anaweza kuwa na presha ya kutisha na akajihisi yuko sawa, au akahisi kichwa kizito tu. Sasa mpe mama huyo wimbo mzuri. Wasiwasi utapungua, atapumua taratibu, atajisikia nafuu, na nafuu hiyo hiyo ndiyo itakayomfanya alale badala ya kwenda kupimwa. Usiku wa manane akianza kutupa mikono na macho kugeuka, nyumba nzima inakemea mapepo.

Na dawa ipo. Magnesiamu salfeti, sindano ya bei nafuu, ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, na matokeo yaliyotoka mwaka 2002 yalionyesha kwamba inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Inafanya kazi ikimkuta mama hospitalini. Akiwa kitandani kwake na simu inaimba, haiwezi kumfikia.

Kuna malaria pia, na kwa watu wa kwetu siwezi kuigusa kwa juu juu. Tororo imefanyiwa utafiti wa malaria kwa miaka mingi kwa sababu mbu wake wanajulikana. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya wajawazito 300 wa Tororo waliopewa dawa za kuzuia malaria, wengine wakipata Fansida, ambayo ndiyo dawa ya kawaida, wengine dawa mpya zaidi. Walipojifungua, kondo la nyuma lilichunguzwa kwa darubini. Katika kundi la Fansida nusu walikuwa na alama za malaria kwenye kondo. Nusu! Na wengi wa wanawake wa ukanda huu wameumwa malaria mara nyingi tangu utotoni, miili yao imejifunza kuivumilia, hivyo homa haipandi. Vimelea vinajificha kwenye kondo, vinamnyima mtoto chakula, vinakula damu ya mama. Anachohisi yeye ni uchovu. Watu wanaomtazama wanasema ana mawazo, mume hatumi pesa. Mtoto anazaliwa kabla ya siku zake au na uzito mdogo, na hakuna anayekumbuka uchovu ule.

Msiidharau Fansida kwa takwimu hiyo. Utafiti mwingine, wa wanawake 782 wa wilaya ya Busia upande wa Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba dawa mpya ilizuia malaria vizuri zaidi, lakini watoto hawakuzaliwa na afya bora kuliko wale wa Fansida. Kwa hiyo imeze mbele ya muuguzi kuanzia mwezi wa nne, angalau mara tatu kabla ya kujifungua, mwezi mmoja ukipita kati ya dozi na dozi. Kama unaishi na virusi vya UKIMWI na unatumia Septrin kila siku, hutapewa Fansida, kwa hiyo mwambie mkunga ukweli wako wote. Mficha uchi hazai. Na ulale ndani ya chandarua, muziki ukiwa umewashwa au umezimwa.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni la mtoto kucheza tumboni. Video nyingi huwaambia kina mama waweke simu tumboni wapige wimbo ili mtoto aamke, acheze, wajue yuko hai na anafurahi. Ni kweli mtoto wa wiki ya 25 na kuendelea husikia, na anaweza kushtuka kwa sauti. Hospitalini wakunga na madaktari wakati mwingine hutumia mtetemo wa sauti wanapopima mapigo ya moyo ya mtoto, lakini wao wana mashine inayosoma mapigo hayo na wana chumba cha upasuaji karibu. Wewe nyumbani una simu tu. Mtoto ambaye jana alicheza mchana kutwa na leo amenyamaza anaweza kuwa anaishiwa hewa. Ukimpigia wimbo akarusha teke moja, utafurahi na kukaa, na saa zile unazokaa ndizo alizokuwa anazihitaji. Mtoto akipunguza kucheza, usimtikise, usimwimbie, usinywe soda baridi ukangoja. Nenda. Ukifika ukaambiwa yu mzima, hakuna atakayekucheka, na akikucheka, rudi tena siku nyingine ukiona dalili ile ile.

Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika kuhusu ucheleweshaji wa aina tatu unaowaua wazazi: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Watu wa mpakani tunazijua zote. Mwishoni mwa Machi 2020 Uganda ilipopiga marufuku usafiri kwa sababu ya Korona, wajawazito walitakiwa kutafuta ruhusa ya mwakilishi wa Rais wa wilaya ndipo wapande gari, na wako waliofia njiani kabla amri hiyo haijalegezwa. Tuliona kwa macho yetu saa chache zinavyoweza kugharimu. Muziki unaouzwa kama dawa unaongeza ucheleweshaji ule wa kwanza, wa nyumbani, ambao hauhitaji amri ya serikali wala barabara mbovu. Na tusiseme hali ni nzuri kiasi cha kujiachia. Uganda ilihesabu vifo vya wazazi 336 kwa kila watoto hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2016, na katika ule wa 2022 idadi ikashuka hadi 189. Kenya, kwa hesabu zilizotokana na sensa ya 2019, ilikuwa 355. Kushuka kule kwa Uganda kumechangiwa na wanawake waliofika kwenye vituo mapema zaidi na wakakuta watu wa kuwahudumia.

Sasa sauti yenyewe. Nyama ya tumbo na maji yanayomzunguka mtoto huzima sauti nyembamba, lakini sauti nzito, ile besi, hupita karibu yote. Kwa hiyo spika iliyobandikwa tumboni inamfikishia mtoto besi bila yeye kuwa na mahali pa kukimbilia, na hakuna anayejua ni kiasi gani kinachoingia humo. Sweden ilifuatilia watoto wapatao milioni 1.4. Wale ambao mama zao walifanya kazi muda wote wakati wa mimba kwenye kelele ya desibeli 85 na zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya matatizo ya kusikia, kwa takriban asilimia 80, kuliko watoto wa mama waliofanya kazi penye utulivu. Taarifa hiyo ilitoka mwaka 2016. Kelele ya desibeli 85 si ya kiwandani tu. Simama mbele ya spika za disko matanga usiku mmoja huko Matayos au Butula, ujionee mwenyewe kifua kinavyotetemeka.

Na hapo ndipo naomba viongozi wetu wanisikilize. Tunamwambia mjamzito atafute muziki wa kutuliza, kisha tunamlaza kati ya baa, kanisa la mkesha na malori yanayopiga honi mpaka alfajiri. Kukosa usingizi usiku baada ya usiku kunaweza kupandisha presha. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, Uganda ina zake za mwaka 2003, na kila nchi ina mamlaka yake ya mazingira, NEMA. Chifu wa upande mmoja na mwenyekiti wa kijiji (LC1) wa upande wa pili wakikubaliana kwamba spika zizimwe saa nne usiku penye nyumba za watu, watakuwa wamewatuliza wajawazito wengi kuliko video zote za mtandaoni. Mjamzito naye, kama ni lazima ahudhurie matanga, akae mbali na spika na aondoke mapema. Hakuna marehemu atakayemlaumu.

Hizo ahadi za mtoto mwenye akili zina historia yake. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Frances Rauscher na wenzake kuhusu wanafunzi 36 wa chuo, watu wazima, waliosikiliza Mozart na kufanya vizuri kidogo katika jaribio la kupanga maumbo kichwani, kwa muda wa dakika kama kumi na tano. Hakukuwa na mjamzito hata mmoja, wala mtoto. Kufikia 1998 gavana wa Georgia nchini Marekani, Zell Miller, alikuwa akiomba dola 105,000 za bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe kanda ya muziki huo. Watafiti wengine waliporudia jaribio lile, wengi hawakuona chochote cha maana. Hizo namba za 432 na 528 hazina hata msingi mdogo kama huo. Anayekuuzia anakuuzia hofu yako.

Mtoto wako hahitaji kifaa. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba watoto wachanga wa siku chache tu huitambua na kuipendelea sauti ya mama yao kuliko ya mwanamke mwingine. Miaka sita baadaye DeCasper na Melanie Spence waliwaomba wajawazito wasome hadithi moja kwa sauti kila siku katika wiki za mwisho za mimba, na watoto walipozaliwa waliipendelea hadithi ile kuliko nyingine ambayo hawakuwahi kuisikia. Sauti yako inashuka kwa mifupa na maji ya mwili wako, kwa kiwango ambacho hakimuumizi. Imba unapoosha vyombo. Imba kwa Kiteso, kwa Kisamia, kwa Kidhopadhola, kwa Kiswahili. Kama unataka kusikiliza simu, sikiliza kwa sauti ambayo mtu aliyekaa kando yako anaweza kuzungumza nawe bila kupaza yake.

Ipo shida nyingine inayozikwa na muziki, na ni ya aibu kwetu. Mjamzito mwingine hana utulivu kwa sababu anapigwa, au kwa sababu mimba hakuitaka, au kwa sababu ameuza akiba yote ya mahindi na mkopo wa kikundi unadaiwa Ijumaa. Kumwambia mwanamke anayepigwa asikilize nyimbo za taratibu ni kumnyamazisha. Kenya kuna namba 1195 ya bure ya kuripoti ukatili wa kijinsia, Uganda kuna 116. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wajawazito 15.6 kati ya kila 100 hupata matatizo ya akili, hasa sonona, na baada ya kujifungua hufika 19.8. Ni mmoja kati ya kila watano. Mama anayelia kila siku kwa wiki mbili, anayesema afadhali asingekuwepo, anayemtazama mtoto wake kama mgeni, asiachwe peke yake hata saa moja, apelekwe kwa mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Sonona ina tiba, na tiba hiyo inaweza kuwa na muziki ndani yake, lakini haianzi na kuishia kwenye muziki.

Kwenu mnaotaka kuanzisha vikundi vya kuimba vya wajawazito, na natumaini ni wengi: anzeni, lakini kila kikao kifunguliwe na mashine ya presha. Kwanza kipimo, ndipo ngoma. Upande wa Kenya wahamasishaji wa afya ya jamii walipewa mikoba ya kazi kuanzia Septemba 2023, na ndani yake kuna mashine ya presha. Mwiteni mmoja awe mwanachama wenu. Upande wa Uganda wapo wahudumu wa afya wa kila kijiji, VHT, ambao wanajua nani ana mimba hata kabla ya majirani. Ombeni kituo cha karibu kiwaazime mashine na kuwafundisha kuisoma. Yeyote aliyefika 140 kwa 90 haimbi siku hiyo. Anasindikizwa na mwenzake mpaka kituoni, na akiwa na maumivu ya kichwa au macho ya ukungu, anapelekwa moja kwa moja penye uwezo wa upasuaji: hospitali ya rufaa ya kaunti Busia, Masafu, hospitali kuu ya Tororo au St. Anthony. Msimpitishe kwanza kwenye zahanati ndogo kwa sababu ya ukaribu kama barabara inaruhusu kwenda mbele.

Tungeni pia nyimbo zenye kazi. Wimbo unaotaja dalili za hatari, ukaimbwa kila wiki, utakaa kichwani mwa mama mkwe asiyejua kusoma, na huyo ndiye mara nyingi anayeamua kama mjamzito atatoka usiku au la. Itaje damu inayotoka kwa mimba ya umri wowote, chupa iliyopasuka kabla ya uchungu, homa, degedege, mtoto aliyenyamaza. Uganda iliimba na kuigiza kuhusu UKIMWI kijiji kwa kijiji, wanawake wakiwa mbele, na watu wakaelewa yale ambayo mabango hayakuweza kuwaelewesha. Maarifa hayo bado tunayo.

Halafu kuna wadi ya kujifungulia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unakubali muziki, pamoja na kupumua kwa utaratibu, kwa mama mwenye afya anayetaka kupunguza maumivu ya uchungu, kwa kadiri anavyopenda yeye. Mwongozo huo huo unataka kila mzazi awe na mtu aliyemchagua kando yake. Uchambuzi wa tafiti zilizohusisha wanawake zaidi ya 15,000, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba wanaosindikizwa mfululizo hujifungua kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi na hupasuliwa mara chache zaidi. Kwa hiyo nendeni na dada, mama, shangazi au mume, na simu yenye nyimbo mnazozipenda, kwa sauti ya chini isiyowasumbua walio vitanda vya jirani. Mkunga akisema izimwe ili asikilize mapigo ya mtoto, izimwe bila ubishi.

Wengi wetu tunajifungulia ng'ambo. Mama wa Sofia anavuka kwenda Kenya, wa Amagoro ana dada Tororo. Beba vitabu vyote viwili vya kliniki, cha Kenya na cha Uganda, kwa maana mkunga wa ng'ambo asiyejua kwamba presha yako ilikuwa juu mwezi uliopita anaanza upya wakati wewe huna muda wa kuanza upya. Vituo vya pamoja vya mpakani vya Busia na Malaba hufanya kazi usiku na mchana. Ukifika mwambie afisa mara moja kwamba una mgonjwa wa dharura, usijiunge na foleni. Bodaboda zilianzia hapa mpakani, kwa vijana wa baiskeli waliobeba watu kati ya kituo na kituo. Chagueni mwendeshaji mmoja anayeaminika, mlipeni kidogo kabla, na namba yake iandikwe kwa makaa ukutani, kubwa, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuisoma na kuipiga.